Kununua Narnia: Toleo Lipi Litangulie na Filamu Ipi Ifuate

Anayetaka kumnunulia mtoto mfululizo wa Narnia, vitabu saba ambavyo C. S. Lewis alivitoa kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956, hukuta rafu iliyojaa kuliko alivyotarajia. Zipo seti za jalada laini ndani ya kasha, majalada magumu yenye michoro ya rangi, kitabu kimoja kinene kilichobeba hadithi zote, vitabu vya kusikiliza, katuni, tamthilia ya televisheni na filamu tatu za sinema. Nimezipanga hapa kuanzia ile ambayo ningeinunua kwanza mpaka ile ambayo ningeiacha dukani, na kipimo changu ni kimoja: je, mtoto ataingia Narnia kwa mshangao uleule uliompata Lucy, msichana wa kitabu cha kwanza, alipopenya katikati ya makoti ya manyoya ndani ya kabati na kuhisi theluji chini ya miguu yake?

Kabla ya kugusa toleo lolote, ni lazima tumalize suala la mpangilio, kwa sababu linawapotosha wanunuzi wengi na tena limechapishwa kwenye mgongo wa vitabu vyenyewe. Lewis alianza na The Lion, the Witch and the Wardrobe mwaka 1950, akafuatisha Prince Caspian, The Voyage of the Dawn Treader, The Silver Chair, The Horse and His Boy na The Magician's Nephew, akamalizia na The Last Battle mwaka 1956. Kampuni ya HarperCollins ilipovitoa upya nchini Marekani mwaka 1994, ilivipa namba kwa kufuata mfuatano wa matukio ndani ya hadithi, na hivyo The Magician's Nephew, kinachosimulia jinsi Narnia ilivyoumbwa, kikawa namba moja ilhali kilichapishwa cha sita. Kisa cha kabati, yaani The Lion, the Witch and the Wardrobe, kikasukumwa hadi namba mbili, na The Horse and His Boy kikawekwa namba tatu.

Wanaoutetea mpangilio huo hutaja barua ya mwaka 1957, ambayo Lewis alimwandikia mvulana wa Kimarekani aliyekuwa akibishana na mama yake kuhusu jambo hilohilo. Lewis alimwambia kwamba anaelekea kukubaliana naye, yaani vitabu vifuate mfuatano wa matukio, lakini katika barua hiyohiyo akaongeza kwamba huenda mpangilio hauna uzito mkubwa. Kwa maoni yangu, huo ni ungwana wa mtu mzima anayemjibu mtoto kwa heshima, wala hautoshi kuwa msingi wa kupanga upya mfululizo mzima. Ushahidi wenye nguvu zaidi umo ndani ya kisa cha kabati chenyewe. Bwana Beaver anapolitaja jina la Aslan, simba mkuu wa Narnia, kwa mara ya kwanza, msimulizi anasema kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale watoto wanne aliyemjua Aslan ni nani, kama vile wewe msomaji usivyomjua. Mtoto aliyeanzia kwenye namba moja ya mgongoni amekwisha kumsikia Aslan akiimba na dunia ikichipuka kutokana na wimbo wake, kwa hiyo kauli hiyo ya msimulizi kwake si kweli tena, na ule msisimko mtamu wa kutokujua umepotea. Hali ni hiyohiyo kwa nguzo ya taa inayowaka peke yake katikati ya msitu wenye theluji: ni ajabu kubwa kwa asiyejua ilifikaje pale, na ni jambo la kawaida kwa aliyekwisha kuelezwa.

Basi nunua seti yoyote iliyo nzuri, zipuuze namba za mgongoni, na umpe mtoto vitabu kwa utaratibu wa 1950 hadi 1956.

Chaguo la kwanza, bila kusita, ni seti ya vitabu saba vya jalada laini vyenye michoro kamili ya Pauline Baynes. Baynes alikuwa bado kijana alipochora picha za Farmer Giles of Ham, kitabu cha J. R. R. Tolkien kilichotoka mwaka 1949, na ni kazi hiyo iliyomfikisha kwa Lewis. Ndiye aliyechora vitabu vyote saba, na kwangu michoro yake ni sehemu ya hadithi kama yalivyo maneno. Tazama ule mchoro wa Lucy akitembea na Bwana Tumnus, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, wote wawili chini ya mwavuli mmoja, miti imeelemewa na theluji huku na huku. Lewis alieleza kwamba hadithi yote ilianzia kwenye taswira iliyomjia akiwa na umri wa miaka kama 16, ya kiumbe wa namna hiyo aliyebeba mwavuli na vifurushi katika msitu wa theluji. Baynes aliichora taswira hiyo kwa mistari michache myembamba, akaacha weupe wa karatasi uwe theluji yenyewe.

Sababu ya kuipendelea seti ya jalada laini si bei pekee. Kila kitabu ni chepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kukishika kwa mkono mmoja akiwa amelala, na kila kimoja kinaisha. Kumaliza kitabu na kuomba kinachofuata ni raha ambayo toleo la kitabu kimoja kinene haliwezi kuitoa. Kwa wanaosomea watoto kwa sauti, hesabu ni nzuri pia: kisa cha kabati kina sura 17, mfululizo mzima una sura 110, na sura moja huchukua takribani robo saa, kwa hiyo anayesoma sura moja kila usiku humaliza safari yote chini ya miezi minne.

Hata hivyo seti zinazofanana kwa nje hazifanani kwa ndani, na hapa mnunuzi ajipe muda. Baadhi ya matoleo madogo ya bei nafuu yamebakiza mchoro mmoja tu mwanzoni mwa kila sura na kuitupa mingine yote. Mengine yameacha ramani, na hilo ni pigo hasa kwa The Voyage of the Dawn Treader, ambacho ni safari ya baharini kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kwa The Horse and His Boy, ambamo mtoto atataka kupima kwa kidole urefu wa jangwa ambalo farasi wawili na watoto wawili wanalivuka. Fungua kitabu katikati, si mwanzoni. Ukipekua kurasa 30 bila kukutana na mchoro hata mmoja wa katikati ya maandishi, kirudishe. Ukinunua mtandaoni, tafuta picha za kurasa za ndani, maana picha ya jalada haithibitishi lolote.

Chaguo la pili ni majalada magumu yenye michoro ya rangi. Katika miaka ya 1990 Baynes mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka 65, alirudi kwenye michoro yake ya zamani na kuitia rangi, jambo ambalo wasanii wachache hupata nafasi ya kulifanya. Karatasi ya matoleo hayo ni nzito, rangi zimetulia, na kitabu kinavumilia kurithiwa na wadogo. Mbona basi sikuyaweka ya kwanza? Ni kwa sababu rangi, pamoja na uzuri wake, imeijaza ile nafasi nyeupe niliyoisifu hapo juu, na theluji ya buluu na kijivu haina baridi ileile. Kwa zawadi ya kuadhimisha jambo, au kwa mtoto mdogo ambaye bado huvutwa na picha kuliko maneno, ningeyapendekeza kabla ya seti ya kwanza. Kwa kusomwa na kusomwa tena mpaka kurasa zilegee, hapana.

La tatu ni vitabu vya kusikiliza, na sitashangaa mtu akisema nimevishusha kupita kiasi. HarperCollins iliwapa waigizaji saba vitabu saba, kila mmoja chake, bila kufupisha neno: Michael York anasoma kisa cha kabati, Lynn Redgrave Prince Caspian, Derek Jacobi The Voyage of the Dawn Treader, Jeremy Northam The Silver Chair, Alex Jennings The Horse and His Boy, Kenneth Branagh The Magician's Nephew, na Patrick Stewart The Last Battle. Jumla yake ni zaidi ya saa 30. Lewis aliandika kwa sauti ya mjomba anayesimulia, mwenye kumgeukia msikilizaji na kumwonya kwamba ni upumbavu kujifungia ndani ya kabati, na sauti hiyo husikika vizuri zaidi masikioni kuliko machoni. Branagh ndiye bora wao, hasa anapomwigiza Mjomba Andrew, mchawi mwoga mwenye majivuno. Kwa mtoto anayeona ugumu wa kusoma, au kwa lugha ambayo bado anajifunza, ningemnunulia sauti pamoja na seti ya kwanza, akafuata mistari huku akisikiliza.

Usivichanganye vitabu hivi na mchezo wa redio uliotayarishwa na Focus on the Family Radio Theatre, ambamo Paul Scofield ni msimulizi na David Suchet ni sauti ya Aslan. Huo ni mchezo wenye waigizaji wengi, muziki na milio ya panga, na maneno ya Lewis yamepangwa upya ili yaigizwe. Ni kazi nzuri, na mimi huiona kuwa bora kuliko filamu mbili kati ya tatu, lakini anayeinunua ajue kwamba hanunui kitabu.

Nafasi ya nne ni ya kile kitabu kimoja kilichobeba hadithi zote saba. Kinaonekana kuwa akiba, na kwa mtu mzima anayetaka kuwa na maandishi yote mahali pamoja kinafaa. Kwa mtoto ni mzigo wa zaidi ya kurasa 700. Yale ya jalada laini yameunganishwa kwa gundi bila kushonwa, na mgongo hupasuka kwanza mahali ambapo kitabu kimefunguliwa mara nyingi. Zaidi ya hayo, hadithi zimo kwa mpangilio wa 1994, na humo huwezi kuuficha, kwa kuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu ni ukurasa wa kwanza wa The Magician's Nephew. Ukikinunua, weka alama mahali kisa cha kabati kinapoanzia.

Wapo wanaopenda vitabu vilivyotumika, na kwao kuna jambo moja la kuvutia. Matoleo ya Marekani ya kampuni ya Macmillan, yaliyokuwa yakiuzwa kabla ya 1994, hayalingani kabisa na yale ya Uingereza, kwa sababu Lewis aliyafanyia marekebisho machache. Mbwa mwitu mkuu wa polisi wa Mchawi Mweupe, adui katika kisa cha kabati, ambaye Uingereza anaitwa Maugrim, anaitwa Fenris Ulf. Badiliko zito zaidi liko katika The Voyage of the Dawn Treader, mwishoni mwa sura ya kisiwa cha giza ambako jinamizi za watu hugeuka kuwa kweli: katika maandishi ya Uingereza mabaharia wanatoka gizani na kuhisi kwamba hapakuwa na cha kuogopa tangu mwanzo, na Lewis aliliandika upya toleo la Marekani ili hofu hiyo isipuuzwe kirahisi. Naona marekebisho hayo yaliboresha kitabu, maana mtoto anayeota ndoto mbaya hapendi kuambiwa kwamba hapakuwa na kitu. HarperCollins iliporudisha maandishi ya Uingereza kila mahali, marekebisho hayo yakatoweka madukani. Seti ya zamani ya Macmillan ikipatikana ikiwa na kurasa zote, ichukue.

Matoleo ya kwanza ya Geoffrey Bles, aliyechapisha vitano vya mwanzo, na ya The Bodley Head, iliyochapisha viwili vya mwisho, ni ya wakusanyaji na hayahusu mtoto.

Yapo pia ya kuepuka. Nchini Kanada haki miliki ya kazi za Lewis, aliyefariki tarehe 22 Novemba 1963, ilikwisha mwishoni mwa 2013, na nakala zisizo na mchapishaji wa maana, zenye jalada la kompyuta na zisizo na mchoro wowote wa Baynes, huonekana mtandaoni kwa bei ya kushawishi. Makosa ya chapa humo si machache. Vilevile epuka hadithi zilizofupishwa kuwa vitabu vya picha, ambazo humpa mtoto wa miaka minne muhtasari wa jambo ambalo angelipata zima akisubiri mpaka afike sita au saba. Njia rahisi ya kuzitambua ni kuhesabu sura: kisa cha kabati kisichokuwa na sura 17 si kisa cha kabati.

Mnunuzi makini ajue pia kilichomo. Katika The Horse and His Boy na The Last Battle, maadui wa Narnia ni Wakalormeni, watu wenye ngozi nyeusi zaidi, vilemba na majambia, na jinsi Lewis anavyowaeleza, hasa katika kitabu cha mwisho ambamo baadhi ya wahusika huwatukana kwa rangi yao, inasomeka vibaya leo. Hilo halinifanyi nivitoe kwenye seti; Aravis, msichana wa Kikalormeni anayemtoroka mume aliyechaguliwa na baba yake, ni mmoja wa mashujaa bora wa mfululizo mzima. Lakini viwili hivyo ni vya kusoma pamoja na mtoto, kwa mazungumzo, na kitabu cha mwisho kisubiri mpaka awe na umri wa kuhimili hadithi ambamo ulimwengu alioupenda unafikia kikomo.

Sasa twende kwenye skrini, ambako pengo kati ya kazi bora na dhaifu ni kubwa zaidi. Ya kwanza ni filamu ya 2005 ya kisa cha kabati, iliyoongozwa na Andrew Adamson, raia wa New Zealand, na kupigwa kwa sehemu kubwa nchini humo. Tilda Swinton ni Mchawi Mweupe asiyepandisha sauti, na ubaridi wake unatisha kuliko kelele zozote. Liam Neeson ni sauti ya Aslan. Na kazi ya sura za bandia na vipodozi ilishinda tuzo ya Oscar. Georgie Henley, aliyeigiza Lucy, hakuruhusiwa kuuona msitu wa theluji uliojengwa studioni mpaka kamera zilipokuwa zikimrekodi akiingia, na ule uso unaofunguka taratibu kwa furaha ni wa mtoto anayeona kweli kwa mara ya kwanza. Hakuna dakika nyingine katika filamu zote tatu inayokaribia kitabu namna hiyo. Vita vya mwishoni vimerefushwa, na mauaji ya Aslan kwenye Meza ya Mawe yanaumiza kwa mtoto mdogo, kwa hiyo kaa naye.

Ya pili kwangu ni tamthilia ya BBC ya 1988 hadi 1990, na hapa natarajia kupingwa. Mikunjo ya umri inaonekana wazi: Aslan ni kikaragosi kikubwa anayetembea kwa shida, wanyama wengine ni watu wazima ndani ya mavazi ya manyoya, na baadhi ya viumbe vimechorwa kwa katuni juu ya picha halisi. Mtoto aliyezoea filamu za kompyuta atacheka katika kipindi cha kwanza. Lakini tamthilia hii inakiheshimu kitabu karibu neno kwa neno, na katika vipindi sita vya The Silver Chair, hadithi ambayo filamu za sinema hazikuifikia kabisa, imo kazi moja isiyo na mfano: Tom Baker akiwa Puddleglum, kiumbe wa mabwawani mwenye kutarajia mabaya daima. Anapoukanyaga moto wa mchawi kwa mguu mtupu na kumjibu kwamba atasimama upande wa Narnia hata kama Narnia haipo, kikaragosi na mavazi ya manyoya vinasahaulika. Ukipata fursa ya kununua The Silver Chair peke yake, nunua hiyo. Prince Caspian waliibana katika vipindi viwili tu, na inaonekana.

Katuni ya 1979 ya Bill Melendez, aliyejulikana kwa katuni za Charlie Brown, ilishinda tuzo ya Emmy na inafuata hadithi kwa uaminifu. Uchoraji wake ni wa haraka na wa bei ndogo. Inafaa kwa watoto wadogo ambao filamu ya 2005 ingewaogopesha.

Filamu mbili zilizobaki naziweka chini. Prince Caspian ya 2008 imeongeza shambulio la usiku kwenye ngome ya mfalme adui Miraz ambalo halimo kitabuni, pamoja na mapenzi kati ya Susan, dada yake Lucy, na Caspian ambayo Lewis hakuyawazia, na giza lake linaifanya iwafae vijana kuliko watoto. Baada ya filamu hiyo kuingiza fedha pungufu ya matarajio, Disney, iliyoshiriki kuzitengeneza filamu mbili za kwanza, ilijiondoa. The Voyage of the Dawn Treader ya 2010, iliyoongozwa na Michael Apted, ina Will Poulter ambaye ni Eustace hasa, mkorofi wa kukasirisha na kuchekesha kwa wakati mmoja, lakini safari ya kitabu, ambayo uzuri wake ni kwamba kila kisiwa kinajitosheleza, imefungwa kwa kamba ya ukungu wa kijani na panga saba zinazotafutwa. Azima, usinunue.

Mwaka 2018 Netflix ilipata haki za kutengeneza kazi mpya kutokana na vitabu vyote saba, na Greta Gerwig ndiye aliyekabidhiwa uongozaji. Filamu mpya inapokaribia, wachapishaji huvivika vitabu majalada yenye picha za waigizaji. Anayetaka seti ya Baynes anunue kabla rafu hazijabadilishwa, kwa kuwa uso wa mwigizaji ukishakaa jaladani, mtoto hapati tena nafasi ya kumwazia Lucy wake mwenyewe.